Plaki Iliyofunga Mvua

Mimi, hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nimeona treni ya umeme ikikokotwa na ya mafuta kama ng'ombe mgonjwa. Nimeona noti zikibadilishwa mpaka watoto wakazichezea kama majani makavu. Nimeona askari wakiuza viatu vyao sokoni asubuhi, na jioni wakawakamata walionunua. Shule yangu iliishia darasa la tano, na leo vijana wenye diploma wanakuja dukani kwangu kuomba kazi, wanavua kofia kwanza ndipo wanasalimu. Nyumba yangu ina ngazi ndani. Nikijisifu, najisifu kwa vitu vinavyoonekana: njoo Kamina, uliza mwenye plaki za jua, hata mtoto anayetambaa atakuonyesha mlango wangu.

Lakini kuna harufu moja inayonishinda. Ni ile ya mvua ya kwanza ikipiga vumbi na matofali mabichi. Wengine wanafumba macho, wanavuta pumzi, wanasema asante Mungu. Mimi natafuta kisingizio, naingia ndani, nafunga dirisha. Mke wangu alidhani miaka mingi kwamba naogopa radi. Nilimwacha adhani hivyo, maana radi ni kitu cha heshima, mtu mzima anaweza kuiogopa.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka Kamina ya wakati wa vita. Mnakumbuka nguzo za reli zimesimama na nyaya zake juu, na ndani ya nyaya hakuna kitu. Treni ilikuwa inatoka kusini kwa umeme mpaka kwetu. Baba yangu alikuwa mmoja wa watu wa nyaya hizo. Alikuwa na ovaroli ya bluu yenye mfuko kifuani, na katika mfuko koleo ndogo. Umeme ulipokatika, mshahara nao ukakatika, lakini ovaroli haikukatika. Aliivaa kila siku, hata akienda porini kuchoma makala, makaa ya kupikia. Mtaani wakamcheka: "Papa Ngoy, nyaya za porini ziko muzima?" Ngoy ni dada yangu mkubwa, ndiyo maana baba na mama walikuwa Papa Ngoy na Mama Ngoy.

Kilichotulisha ni kinga. Ndiyo, kinga, baiskeli; huko kwetu ndivyo tunavyoiita. Hiyo ilikuwa lori letu. Baba aliitia vyuma nyuma, akaongeza mti kwenye usukani, akaweza kuisukuma na magunia ya makala marefu kuliko yeye. Siku nyingine aliondoka nayo mpaka upande wa ziwa, akarudi na samaki wa Mulongo waliokaushwa. Mama aliiosha ile kinga kabla hajaniosha mimi. Katika vita, aliye na kinga anakula, asiye nayo anasubiri aliye nayo.

Basi fikiri mchana mmoja mama amesimama mlangoni, anamwona baba anatoka upande wa Base, kule kwenye kambi kubwa ya askari, kwa miguu. Amebeba kichwani kitu kipana kilichofungwa ndani ya blanketi.

"Papa Ngoy," mama akasema, "kinga iko wapi?"

"Iko hapa." Baba akatua mzigo chini, akafunua blanketi.

"Minyi naona kioo." Minyi, kwetu ndiyo mimi.

"Hapana kioo. Ni plaki. Inakunywa jua, inatapika kuran." Kuran, ndivyo wengi walivyouita umeme.

"Na weye," mama akauliza polepole, "leo ulikunywa nini?"

Askari mmoja alikuwa anahamishwa na kikosi chake. Plaki alishindwa kuibeba, kinga angeweza kuipanda. Ndivyo biashara ilivyofanyika, dakika chache, wanaume wawili, kila mmoja akidhani amemshinda mwenzake. Yule askari alimwonyesha baba waya mwekundu na waya mweusi, akamwambia usizigusanishe, akaondoka na lori letu la familia. Baba alijua nyaya za reli, hizo nyingine kubwa. Za hii plaki alijua hizo mbili tu. Lakini alikuwa na wazo, na wazo lilikuwa zuri, nasema hivyo hata leo na mimi ndiye mwenye duka: Kamina nzima ilikuwa na kiu ya habari za vita, radio zilikuwepo, mawe ya radio, zile batri ndogo, hayakuwepo, na batri za magari zilikuwa zimelala majumbani zimekufa. Atakayezifufua atakula.

Mama alikataa kuzungumza naye. Alimpakulia bukari, ule ugali wetu, akaweka sahani chini, akaiambia sahani: "Mwambie mwenye kioo chakula kiko tayari."

Baba akaipandisha plaki juu ya mabati, akaikaza kwa waya wa reli na jiwe. Mimi nilikuwa mtoto wa kupanda mahali popote, nikawa mlinzi wake. Nilikaa juu ya ukuta naiangalia. Baba alisema inakunywa jua, na mimi sikuwa mtoto wa kubishana na baba. Niliona kwa macho yangu: asubuhi jua ni kali, plaki inaanza kunywa, mchana inakunywa sana, inakuwa moto hata ndege hatui, kisha jua linaanza kulegea, linakuwa la manjano, jekundu, linaanguka. Nilidhani jioni inakuja kwa sababu plaki yetu imeshiba. Kwamba kulikuwa na jioni kabla ya plaki, hilo halikunijia kichwani. Mtoto akipata sababu nzuri ya kitu, hatafuti nyingine. Na watu wazima wengi ninaowafahamu wamebaki watoto hivyo hivyo.

Wiki haikupita, ua wetu ukajaa. Batri zilipangwa kando ya ukuta kama wagonjwa wa dispansari, na harufu yao ya asidi ilikwaruza koo. Watu walilipa walichokuwa nacho: unga, yai, karanga, samaki. Alasiri baba alitoa radio, akaiunganisha, na mtaa mzima ulikaa chini kusikiliza mji gani umeanguka na barabara gani bado iko wazi. Mwalimu Kasongo, wa kanisa la Wamethodisti, ndiye aliyekuwa anatafsiri Kifaransa. Alisimama, akanyoosha kola, akatafsiri kama anahubiri. Papa Mukalay, mfyatua matofali wa mtaa wetu, alikuja na tofali lake la kukalia, akakaa mbele kabisa, na akiondoka aliondoka nalo kwapani.

"Papa Ngoy," alisema siku moja, "weye ni mukubwa. Bila weye tungekimbia upande ambao vita inatoka."

Mama alisikia. Jioni hiyo alimpakulia baba bila kuzungumza na sahani. Akaanza hata kuota kwa sauti: miezi michache ya hivi, tutanunua kinga nyingine, mpya, na plaki ibaki. Hilo ndilo tulilolitaka sisi wote. Plaki ibaki juu ya paa mpaka irudishe kinga. Hakuna lingine.

Kisha mvua ikachelewa.

Sitaki kuwacheka watu wangu kwa jambo hili, maana njaa ya mwaka ule haikuwa mchezo. Yalishuka manyunyu ya uongo, watu wakaamini, wakapanda mahindi. Jua likarudi, mbegu zikakaangika ardhini, kware wakachimbua zilizobaki. Mbegu nyingine hazikuwepo; barabara zilikuwa za askari. Kila siku mawingu yalitoka upande wa mto Lualaba, yakatuonyesha matumbo yao meusi, yakapita. Mbingu ilikuwa nyeupe kama bati. Akina mama walitazama juu hata wakiwa wanatwanga.

Huko kwetu mvua ikichelewa, swali la kwanza linakuwa: nani anapata faida jua likiwaka? Na jibu ni lile lile kila mwaka: mfyatua matofali. Yeye ndiye ametandaza matofali mabichi, yeye ndiye anaomba yakauke. Basi ni yeye aliyefunga mvua. Papa Mukalay alikuwa ameshazoea. Kila mwaka wanamwendea, anawatukana, wanamtukana, mwisho anakubali kufungua: anatoa mbuzi kwa wazee wa ardhi, anapakwa pemba, ule udongo mweupe, anajaza maji mdomoni, anayapuliza juu ya matofali na kusema maneno. Mvua inakuja siku yake inayoitaka, na Mukalay amepoteza mbuzi. Alipenda kusema kwamba amejenga nusu ya mtaa na mtaa umekula mbuzi zake zote.

Mwaka ule walipomwendea, hakuwatukana. Aliinua kidole akaonyesha paa letu.

Nilikuwepo, nilikuwa nimetumwa maji. Alikuwa amesimama katikati ya matofali yake, mikono imejaa udongo. "Miaka yote munaniita minyi mufungaji," alisema. "Sawa. Lakini muone na akili. Tofali yangu inafanya nini? Inangojea jua. Inalala tu, inangojea kama mugonjwa. Ile ya Papa Ngoy inafanya nini? Yeye mwenyewe alisema: inalikunywa! Inaliita! Sasa mufungaji ni nani?"

Mtu akiwa ameshtakiwa miaka mingi, anajua mashtaka kuliko hakimu. Watu waligeuza vichwa taratibu kuelekea kwetu. Na plaki yetu kule juu ilikuwa inameremeta, bahati mbaya, kama jicho.

Toka siku ile mama hakupita njia bila kurushiwa neno. "Mama Ngoy, mutuachie kidogo na siye tuone wingu!" "Mama Ngoy, mukishiba jua mutupe makombo!" Mama alikuwa na ulimi, alijibu: "Mukimaliza kutukana, mulete batri zenu, ziko tayari." Na walizileta, ndugu zangu! Asubuhi walitukana, alasiri wakaja kuchukua batri. Walikaa ndani ya ua wetu kusikiliza vita, na wakiinuka waliitazama plaki kwa chuki.

Shuleni, Mwalimu Kasongo alikuwa ametuchorea ubaoni mto, jua, mvuke unapanda, wingu, mvua inashuka. Mchoro mzuri wenye mishale. Niliinua mkono.

"Mwalimu, plaki inafunga mvua?"

Mwalimu aligeuka kutoka ubaoni. Aliangalia mlango, kisha chaki yake, kisha mimi.

"Kwenye mtihani," akasema, "utaandika hapana." Akafuta ubao. Nilipokuwa natoka akanishika bega. "Nyumbani, mwambie papa aifunike."

Sasa nitawaambia mimi mwenyewe niliwaza nini. Niliamini. Tena niliamini kwa furaha. Watoto wengine baba zao walikuwa wanachoma makala, wanalima, wanaogopa askari. Baba yangu alishika mvua ya Kamina nzima mkononi! Nilitembea kifua mbele. Waliponizomea, nilisikia wananiimbia sifa. Niliwaza: wakizidi, baba atafunga na maji ya mto. Jioni moja baba alikuwa anapangusa vumbi kwenye plaki kwa kitambaa, uso wake umechoka, nikapanda ukuta nikamnong'oneza:

"Tata, usifungue bado. Ngoja kwanza wapige magoti."

Mkono wake ulisimama. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na asiyejua nani amepiga.

"Na weye?" akasema. "Na weye, mwanangu?"

Sikuelewa. Nilidhani ananiuliza kama na mimi nataka kujifunza ile dawa. Nikaitikia kwa kichwa.

Shefu wa kartye, mkuu wa mtaa, aliita kikao uani kwake, Jumamosi, jua likiwa bado juu. Watu walijaa mpaka nje ya uzio. Baba alikwenda na ovaroli yake, ameipiga pasi ya makala. Nilipenya kati ya miguu ya watu nikakaa mbele, nisikose neno.

Shefu hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa upole. "Papa Ngoy, hatuna ubaya na weye. Tufundishe tu. Lile jua linaloingia mule, linakwenda wapi?"

"Linaingia ndani ya batri, shefu."

"Vizuri. Na batri ikijaa?"

Baba alifungua mdomo. Nimeshasema alijua waya mbili tu. Niliona anatafuta jibu kwa macho, juu, chini, kama jibu limeangushwa hapo na mtu.

"Batri ikijaa," akasema, "haliingii tena. Linabaki inje."

"Njo ile, ndiyo hiyo!" Papa Mukalay aliruka. "Mumesikia! Linabaki inje! Inje wapi? Juu yetu!"

Watu walilipuka. Baba alinyanyua mikono, akangoja, akajaribu tena, na hapa nataka mnisikilize, maana ni maneno ya mtu aliyechoma makala miaka mitatu.

"Bandugu, mukumbuke kijito cha hapa nyuma. Kulikuwa miti, kulikuwa kivuli, mwezi huu kulikuwa bado maji. Miti iko wapi? Tulikata. Minyi mwenyewe nilikata. Toka hapa mpaka kule kilima, mulipika nayo. Mvula haiulizi miti?"

Kicheko kilichotoka hapo, bado nakisikia. "Makala inapika bukari, Papa Ngoy! Ni kosa kupika bukari? Weye utakula nini, jua?" Na mwanamke mmoja: "Batate, wazee wetu, walikata miti toka zamani, mvula ilinyesha! Plaki imekuja juzi, mvula imekwenda. Hesabu ya mutoto!"

Kila mtu mle uani alikuwa na mbabula nyumbani, lile jiko la makala. Moshi wa mbabula zote za Kamina ulikuwa umesimama juu ya vichwa vyetu wakati wanasema. Lakini ukiwashtaki wote, umshtaki nani? Plaki ilikuwa moja, ilikuwa juu ya paa, iling'aa, na mwenyewe alikuwa na jina.

Mama ndiye aliyesimama. Hakuwa na zamu ya kusema, alisema. "Munisikilize vizuri. Kile kintu ninakichukia kuliko ninyi wote. Kilikula kinga yangu. Lakini mvula yenu hakikuikula. Mvula haina ladha ya kinga!" Wachache walicheka, akakaa. Nadhani kama wangepiga kura dakika ile, tungepona. Lakini vijana waliokuwa nyuma walikuwa wameshaokota mawe, na baba aliwaona.

Shefu akatoa hukumu yake: plaki iteremshwe, ifunguliwe kwa mila, ilale ndani kifudifudi mpaka mvua inyeshe. Ikishanyesha, Papa Ngoy ataipandisha, hakuna atakayemgusa. Aliapa hivyo mbele ya watu wote. Baba akafikiri, na nimeshafikiri naye mara nyingi tangu hapo: akikataa, mawe, akikubali, plaki inalala siku chache, inarudi, kinga itapatikana. Alikubali.

Waliileta uani alasiri ile ile. Mzee wa ardhi alimpaka baba pemba kwenye paji la uso na mikono, akaipaka na plaki, mstari mweupe katikati. Baba akajaza maji mdomoni. Mimi nilisimama mstari wa mbele, nangoja wapige magoti. Alipuliza. Maji mengine yalipotea, yakateremka kidevuni, yakalowesha mfuko wa ovaroli, ule wenye koleo. Akasema, kwa sauti ambayo sikuijua: "Kama ni minyi, nimeachia." Ilibidi arudie, maana waliokuwa nyuma hawakusikia. "Kama ni minyi, nimeachia!"

Hakuna aliyepiga magoti. Niligeuka kuangalia kama wanaanza. Walikuwa wanapangusa vumbi, wanakwenda zao, wengine wanaongea habari za unga. Ndipo nilipomtazama baba vizuri, na ile pemba usoni mwake, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba hakushika kitu chochote mkononi.

Sasa fikirini: kama mvua isingenyesha, tungepona! Siku zingepita, watu wangesema basi si yeye, wangerudi kwa Mukalay au kwa mtu mwingine, plaki ingepanda juu. Tulihitaji jua wiki mbili tu, tatu. Jua lile lile lililokuwa likituchoma toka mwanzo, tulihitaji liendelee kidogo.

Jumatatu, tukiwa darasani, upepo ulifungua madirisha. Wingu lilitoka upande wa Lualaba na safari hii halikupita. Harufu ikaingia kwanza, ile harufu, vumbi na tofali. Kisha mabati yakaanza kulia. Watoto walitoka mbio bila ruhusa na Mwalimu Kasongo akatoka nao, amevua koti. Nilikimbia nyumbani nikapita uwanja wa Papa Mukalay. Alikuwa amelewa ushindi mpaka akasahau kufunika matofali yake. Sasa alikuwa anakimbia na majani mikononi, huku na huku, matofali yanayeyuka chini ya miguu yake, yanarudi kuwa tope, na yeye analia na kucheka pamoja: "Nilisema! Nilisema minyi! Mumeona?"

Mtaa mzima uliona. Ushahidi gani mwingine? Aliachia Jumamosi, ilinyesha Jumatatu. Baba alikwenda kwa shefu kumkumbusha kiapo, na shefu akamwambia, kwa upole ule ule: "Papa Ngoy, zamani hatukujua. Sasa tunajua. Unataka niwaambie nini bantu?" Plaki ilikaa chini ya kitanda kifudifudi. Mwalimu Kasongo alikuja siku vita ilipokaribia, akasimama mlangoni akizungusha kofia. "Papa Ngoy, hauwezi kuiweka hata saa moja tu, asubuhi mapema? Kwa habari?" Baba akamjibu: "Mwalimu, mvula itaona."

Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anapita kwenda Kasai aliichukua kwa unga usiofika gunia. Baba akarudi kwenye makala, bila kinga, gunia mgongoni. Pori lilikuwa linasogea mbali kila mwaka, na yeye alilifuata kwa miguu. Mtu mmoja hawezi kubeba makala ya familia, basi nikaacha shule, nikabeba nusu yake. Ndiyo hilo darasa langu la tano. Wanaoniuliza kwa nini sikumaliza, huwa najibu kwamba nilikuwa na haraka ya kutajirika. Baba alikohoa miaka mingi, kisha akaacha kukohoa. Walikuja kuzika, wote, na walimsifu. Papa Mukalay alilia kuliko mimi.

Mengine mnayajua au mtauliza. Nilibeba, niliuza, nilinunua, nilidanganywa, nilidanganya kidogo, nikafika. Leo plaki zangu ziko Kamina, ziko Bukama, ziko mpaka vijiji vya karibu na Katoto. Kila mwaka wanakuja watu wa semina na fulana zenye mti kifuani, wanatuambia juu ya mabadiliko ya tabianchi, na chakula cha semina kinapikwa na makala. Wanaogopa kwamba watu wetu hawataamini. Wanachekesha! Watu wangu hawakukataa hata siku moja kwamba mwanadamu anaweza kuharibu mvua. Waliliamini hilo kabla ya semina zote. Shida yao ni moja: huyo mwanadamu lazima awe mmoja, awe jirani, na awe na kitu kinachong'aa kuliko cha kwao. Ukiwaambia ni sisi sote, na wengine walio mbali wenye moshi mkubwa kuliko wetu, wanapiga miayo.

Mwaka huu mvua imechelewa tena. Siku hizi haijui tena mwezi wake. Shefu mpya wa kartye, kijana mwenye simu mbili, alinitumia ujumbe kwenye simu: wazee wa ardhi wananiomba nije kufungua. Simu hiyo anaichaji kwangu. Nilicheka, nikaandaa vita: wakili, barua, injinia kutoka Lubumbashi aje aeleze batri ikijaa jua linakwenda wapi. Pesa ninazo. Nilitaka wajue safari hii wamemkuta nani.

Asubuhi mafundi wangu walinikuta ofisini, wote, vijana wa diploma. Kofia mikononi.

"Patron," mkubwa wao akasema, "tuwalipe tu wazee."

"Ninyi munajua!" nikapiga meza. "Ninyi munazifunga na mikono yenu! Plaki inafunga mvula?"

"Hapana, patron. Tunajua." Akaangalia wenzake. "Lakini mama yangu amepanda mahindi. Wiki hii hakuna kati yetu atakayepanda paa la muntu."

Niliwafukuza ofisini. Nikakaa. Injinia angeeleza vizuri kabisa, na wangemsikiliza kwa adabu, na mafundi wangu wangebaki chini. Mchana nikaenda kwa wazee na suti yangu, sikuwaambia kama ninaamini au siamini, niliuliza bei tu. Bei ya kufungua bila kuteremsha. Walikataa, haijawahi kufanyika. Nikakaa. Nikawaambia plaki ya dispansari inabaki, ya kisima inabaki, za watu waliolipa zinabaki, hata moja haigeuzwi kifudifudi, hata moja haipakwi mstari, mtanipaka mimi. Tulivutana mpaka jua likalegea. Kisha nikavua koti, nikapakwa, nikajaza maji mdomoni, nikapuliza mbele ya wote, na plaki zikabaki juu ya mapaa. Mbuzi mweupe, kuku wawili, kitambaa cha mzee wa ardhi, vinywaji, pemba, na muhuri wa ofisi ya kartye kwa sababu nilitaka makubaliano yaandikwe, jumla nililipa: faranga laki nne, elfu sitini na mbili na mia tano.